Kijitabu cha Bikari na Guni

Kilichoniponza ni kijitabu. Kina jalada la bluu lililochujuka, juu yake alama ya bikari na guni, kile kipimo cha pembe cha mwashi, na ndani yake historia ya Frimasoni wa mji mmoja mdogo wa Uingereza wenye kanisa kuu la mawe. Nilipewa na mzee aliyekuwa katibu wa jumba lao, siku niliyoacha kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kufagia na kuosha vyombo, kabla sijaja Guangzhou, China, kufanya biashara.

Nimekisoma chote, kwa hiyo hasira yangu ina msingi. Wanaanza kwa kujigamba kwamba wametokana na waashi waliochonga mawe ya kanisa, halafu ukurasa wa pili mwandishi mwenyewe anakiri kwamba ushahidi hana. Walianza kukutana kwenye chumba cha juu cha baa: muuza nyama, wakili, mpiga kinanda wa kanisani. Baadaye wakajenga jumba, paa likavuja, wakagombania paa hilo kwa sura nzima ya kijitabu. Wakachangia wajane. Mimi niliwakuta warithi wao, wazee wenye magoti mabovu, wanavaa aproni na kusahau maneno waliyotakiwa kuyakariri, kisha wanakula nyama ya kuoka na kuniachia sahani zenye mafuta yaliyoganda. Siri kubwa niliyoigundua mle ndani ni mzee mmoja aliyeficha biskuti kwenye koti.

Sasa nipo mtaa wa Guangyuan Xilu, hapa Guangzhou, na chumba changu cha mzigo kiko ghorofa ya sita. Sisi wafanyabiashara wadogo wa Dar hatuwezi kujaza kontena mmoja mmoja, kwa hiyo tunachangia: huyu viatu vya soko la Zhanxi, yule nguo, mimi mabegi ya shule kutoka mtaa wa Yide Lu. Wenzako wakikukataa, mzigo wako hauendi popote.

Mwaka jana binti yangu alifariki Dar. Alizaliwa na selimundu, akatuacha akiwa na miaka tisa. Wenzangu walikuja chumbani kunisomea dua. Mmoja wao, muuza viatu ambaye tulikuwa tukila sahani moja, alikiona kijitabu kwenye rafu. Hakuniuliza kitu. Alikipiga picha, akaisambaza.

Inavyosemwa kwetu tunajua wote: mtu akifanikiwa ni Frimasoni, na ili apate utajiri huo alimtoa kafara mtu wa nyumbani kwake. Wiki mbili baadaye nilipeleka mabegi yangu ghalani. Mama wa Kichina mwenye ghala akapunga mkono. "Mei you, mei you," akasema, nafasi hakuna, na nafasi nilikuwa naiona kwa macho yangu. Muuza viatu alikuwa amesimama pembeni yake.

"Dada, tafuta kontena lingine," akaniambia. "Watu wanaogopa."

"Wanaogopa nini?"

"Wanasema mtoto ulimtoa."

Nilirudisha mabegi yangu kwa mkokoteni, nikitukana kwa Kiswahili njia nzima, na wabeba mizigo wakinipisha. Dawa za mtoto yule nilikuwa nikizituma kila nilipopata mtu wa kumpa. Paketi mbili alizibeba huyo huyo muuza viatu, kwenye sanduku lake, na akazifikisha kwa mkono wake mwenyewe. Alimwona mwanangu kitandani. Alijua.

Ijumaa moja baada ya swala akaja peke yake. Akafunga mlango, akaketi juu ya robota la mabegi bila kukaribishwa.

"Dada, achana na maneno ya watu," akasema. "Mimi nimekuja na shida yangu. Niunganishe."

"Nikuunganishe wapi?"

"Huko kwenu." Akanyoosha kidole kwenye rafu. "Masharti nayajua. Mimi Mungu kanijalia watoto wanne."

Nilimwangalia nikidhani atacheka, tuyamalize. Hakucheka. Nikamuuliza mdogo wao ana miaka mingapi.

"Mitatu," akajibu, bila hata kumeza mate.

Nikachukua kijitabu, nikampiga nacho usoni, nikampiga tena na tena mpaka akatoka mbio kuelekea kwenye lifti. Kilikuwa chembamba mno, hakikumwacha hata na alama. Hilo linaniuma mpaka leo.