Mkono Chini ya Shuka ya Jelle

Kama hujawahi kufika soko la mifugo la Garissa siku ya Jumatano, huwezi kuamini kwamba watu wengi hivyo wanaweza kupiga kelele zote zile na bado bei ya ng'ombe ikabaki siri. Mimi nauza chai na sambusa langoni mwaka wa kumi na nne sasa, na siri hizo zimepita mbele ya birika langu. Muuzaji na mnunuzi hawatajiani bei. Dalali hutanguliza mkono wake chini ya shuka, kisha huwafunika na wao, nao huko chini wanashikana vidole, kila kidole na maana yake, huku nyuso zimekauka kana kwamba wanasubiri mvua. Mikono ikitoka, biashara imekwisha.

Jelle alikuwa dalali wa namna hiyo. Mtu mrefu, ndevu za hina, mkaidi ajabu. Alilalamikia chai yangu kila siku kwamba haina sukari, kisha akaagiza kikombe cha pili. Nilimwambia atakufa kwa sukari kabla hajafa kwa uzee, naye akanijibu, "Shamis, wewe ongeza tu, kaburi nitachimba mwenyewe."

Lakini shuka ni kitambaa tu. Kazi ya dalali kwetu ni kusimama. Ng'ombe akitoka ng'ambo ya mpaka, mnunuzi wa Thika hamjui mwenye ng'ombe wala ukoo wake, anamjua Jelle. Ng'ombe akigunduliwa kuwa wa wizi, anayelipa ni Jelle. Ndiyo maana alihoji watu mpaka wakachoka: "Hii ngombe mama yake iko wapi? Hii alama nani aliweka? Nani alikuona ukinunua?" Katika miaka ishirini na sita aliteleza mara moja tu, mtamba mmoja wa wizi akampita machoni. Siku hiyohiyo alitoa mtamba wake mwenyewe zizini kwake mtaani Galbet akampelekea mnunuzi, bila kuitwa na mtu.

Sasa hayo ya serikali. Nchi ilikuwa ndani ya jumuiya ya biashara na majirani, na sisi faida yake tuliiona Diff, pale mpakani: mifugo ya ng'ambo inafika getini, daktari anaikagua, inapigwa muhuri wa cheti, inaingia. Nusu ya ng'ombe wa soko letu waliingia hivyo. Asubuhi moja redio ikasema nchi inajitoa. Wakubwa wamekorofishana na wakubwa wenzao huko mikutanoni, na sasa ni heshima ya taifa. Heshima! Heshima gani hiyo inayoanza kwa kumnyima mtu mlo? Waliojitoa ni wao, waliofungiwa nje ni sisi.

Mheshimiwa wetu, na jina lake silitaji kwa sababu litanichachushia chai, aliinua mkono bungeni kuunga mkono. Tulimwona kwenye simu. Huyu ni mtoto wa hapahapa Galbet, marehemu baba yake aliuza mbuzi chini ya shuka ya Jelle. Alipokuja sokoni kutueleza, tulimpokea kama anavyostahili. Wengine walimwambia ajitoe yeye kwanza kwenye kile kiti. Mimi nilipiga sufuria kwa mwiko mpaka mwiko ukavunjika.

Alipoona mambo yamekuwa mabaya, aliteremka jukwaani, akapasua umati moja kwa moja hadi alipokuwa amesimama Jelle.

"Adeer, fungua shuka yako," akasema.

Adeer ni baba mdogo, na hakumwita hivyo bure. Jelle akafungua. Mheshimiwa akaingiza mkono, akamshika, kisha akapaza sauti ili kamera zisikie. "Nimemshika vidole vitatu. Miezi mitatu! Geti ya Diff itabaki wazi miezi mitatu, kila mtu avushe mifugo yake polepole. Wallahi. Na Jelle ndiye anasimama kwa ajili yangu!"

Watu waliokuwa wameokota mawe waliyaachia. Kwetu mkono uliotoka chini ya shuka hauna mjadala.

Hapo ndipo Jelle alipokosea, na nasema hivi nikimpenda. Mtu aliyehoji kila ndama aliyepita pale hakumuuliza yule bwana hata swali moja. Hakuuliza alama yake nani aliiweka. Tuliuziwa mbuzi kwenye gunia, na mimi nilipiga vigelegele pamoja na wengine, Mungu anisamehe.

Alasiri hiyo, akiwa ameketi kwenye benchi langu, alimpigia dada yake. Barwaqo aliolewa ng'ambo, mumewe akafa, akabaki na watoto na kundi la ng'ombe. Nyasi zilikuwa zimekwisha huko. Alikuwa amempata mchuuzi wa karibu aliyetaka kundi zima kwa bei ya kutupa, na alikuwa karibu kukubali.

"Usimpe," Jelle akamwambia. "Lete Garissa. Geti iko wazi."

Simu yake ilikuwa na sauti kubwa, nikamsikia dada mtu akiuliza, "Wewe unasimama, walaal, ndugu yangu?"

"Nimesimama."

Hakuuliza la pili. Kesho yake akaanza safari.

Ng'ombe waliodhoofika hawakimbii. Barwaqo alifika Diff siku ya kumi na mbili. Geti lilikuwa limefungwa siku nne kabla, kwa amri kutoka Nairobi. Wala haikutimia miezi mitatu, wala mwezi. Upande aliokuwa hakukuwa na maji ila ya gari, nayo yalikwenda kwa wenye nguvu. Kurudi hakuweza, njia nzima ilikuwa imeshaliwa nyasi na makundi yaliyotangulia.

Jelle akaanza kumtafuta Mheshimiwa. Alikwenda ofisini mara tatu, akaambiwa yuko mkutanoni. Alipiga simu mpaka nikaichukia ile sauti ya mwanamke anayesema mteja hapatikani. Siku ya sita ikapokewa, hapahapa benchini kwangu.

"Adeer, ile ilikuwa siasa," Mheshimiwa akasema, bila haraka, kama mtu aliyeshiba. "Watu walikuwa na hasira, nilitaka watulie. Wewe ni mtu mzima, uliambia watu walete ng'ombe kweli?"

"Ulinishika mkono."

"Nilikusalimia tu, adeer."

Akakata. Jelle akaiweka simu juu ya meza taratibu. Nilimpa chai, nami kwa wasiwasi nilikuwa nimesahau kutia sukari kabisa. Aliinywa yote, hakulalamika. Hapo niliogopa.

Aliyesimama hulipa, na Jelle hakungoja kuambiwa. Alitoa ng'ombe wake wote zizini, watano tu, pamoja na yule wa maziwa aliyewalea wajukuu zake, akawapakia lori la Warsame kwenda Diff kumpa dada yake. Yaliyotokea huko alinisimulia Warsame aliyeendesha, maana Jelle mwenyewe hajafungua kinywa mpaka leo.

Askari walisema sheria ni sheria. Mifugo haiingii, na mifugo haitoki. Jelle aliwaeleza kwamba hauzi, analipa. Wakamwambia hawana karatasi ya mambo hayo. Mzee wa watu akasimama pale na ng'ombe watano aliotaka kuwatoa bure, na nchi yake haikumruhusu.

Barwaqo aliitwa, akaja mpaka umbali wa kusikilizana. Nyuma yake, anasema Warsame, ng'ombe waliokuwa bado wima ungeweza kuwahesabu kwa vidole vya mikono. Jelle akapaza sauti akimwomba radhi. Akamweleza jinsi Mheshimiwa alivyoapa mbele ya watu wote.

"Huyo mimi simjui," Barwaqo akajibu. "Sikuja kwa neno lake. Nilikuja kwa neno lako."

Hakumtukana, wala hakulia. Aligeuka akarudi walikokuwa watoto wake. Tangu siku hiyo akipigiwa simu hapokei.

Jelle alirudi na ng'ombe wake watano. Yule wa maziwa hamkamui. Jirani ndiye anayekwenda kumkamua, la sivyo kiwele kingepasuka.

Jumatano iliyopita alikuja sokoni, shuka begani, imefuliwa. Nilifurahi nikadhani ametengenea. Noordin wa Galbet, ambaye Jelle amemsimamia tangu akiwa kijana asiye na ndevu, alikuwa ameleta fahali mzuri, na mnunuzi wa Thika alikuwa tayari. Jelle akawaendea, akatandaza shuka, akatanguliza mkono wake chini yake kama desturi.

Noordin akaitazama shuka. Kijana ana adabu, aliona haya.

"Leo tuongee kwa mdomo tu, adeer," akasema.

Wakataja bei hadharani, kila mtu akasikia, kama wauza nyanya. Mnunuzi akalipa, fahali akaondoka. Hakuna aliyemcheka Jelle. Afadhali wangemcheka.

Yeye akaja kuketi benchini kwangu, shuka mapajani, mkono wa kulia ungali umefunikwa humo ndani. Nikamtilia chai, vijiko vinne vya sukari, nikamnyooshea. Huyu ni mtu aliyewahi kumkemea mwanangu kwa kupokea sambusa kwa kushoto.

Akaipokea kwa mkono wa kushoto.