Neno la Kutua

Sokoni Kariakoo, mtu mwenye mzigo mzito kichwani hawezi kuushusha peke yake. Husimama, hukunja magoti kidogo, akamwita yeyote aliye karibu: "Nitue." Na aliye karibu humtua, hata kama hawajuani, hata kama jana walitukanana.

Abbasi, dresa, yaani mfunga vidonda, wa hospitali ya wenyeji, hakuweza kulipita neno hilo. Akilisikia huacha alichoshika, akakimbia. Wauza ndizi walishamzoea.

"Mtuaji wetu huyo kaja! Mzee Abbasi, nitue na mimi basi, mume wangu ananielemea!"

Yeye hucheka nao. Hawakujua kwamba mara nyingine aliitwa na watu ambao wao hawakuwaona. Aligeuka na mikono imenyooshwa, akakuta mbele yake hakuna mtu, ila harufu ya mchele uliovunda aliyoiacha porini mwaka 1917.

Mwaka huo, Mwingereza akipigana na Mjerumani, Abbasi alikuwa kijana mfunga vidonda katika kikosi cha wachukuzi. Walilazwa pale pale, chini ya paa lile la soko, kabla ya kupelekwa Rufiji. Wazungu walikiita kikosi kwa lugha yao, watu wa mji wakalisikia jina kwa masikio yao, likawa Kariakoo. Njiani amri ilikuwa moja: hakuna kutua mzigo mpaka afisa aseme. Wachukuzi walioharisha damu walimwomba Abbasi, maana yeye ndiye aliyekuwa na dawa. Nitue, ndugu yangu. Naye hakuwa na tepe ya cheo hata moja mkononi. Aliwapa maji, akatembea ubavuni mwao mpaka walipoanguka pamoja na mizigo.

Ndiyo sababu mwanzoni mwa mwaka 1939, minong'ono ya vita vingine ilipoanza, na hospitalini likabandikwa tangazo kwamba jeshi la akiba linatafuta watu waliobobea katika kazi zao, wapewe ukubwa kwa kadiri ya ujuzi, Abbasi alikwenda kuomba. Nyota za maafisa zilikuwa za Wazungu, hilo alilijua. Alichotaka ni tepe za sajini wa wauguzi, na katika tepe hizo alitaka kitu kimoja tu: ruhusa ya kumwambia mgonjwa atue.

Ofisi ilikuwa mtaa wa Gerezani, karibu na karakana za reli, na nyundo zilisikika mpaka ndani. Kapteni aliyeandikisha watu alikuwa Mwingereza, mgeni nchini. Anselmi, karani kutoka bara, ndiye aliyefasiri.

"Bwana anauliza, umewahi kutumika jeshini?"

"Nilikuwa Kariakoo."

Anselmi akacheka. "Mzee wangu, hata mimi nakaa Kariakoo. Mtaa wa Swahili, nimepanga kwa Bi Mwanamkuu. Nakuuliza jeshini."

"Na mimi ndiyo nakujibu. Kariakoo."

"Sokoni?"

"Kabla ya ndizi. Walilala watu pale. Wengine hawakuamka."

Kicheko kikamwishia Anselmi mdomoni. "Pale ninaponunua mchicha?"

"Pale pale."

Anselmi akafasiri kwa sauti ya chini. Kapteni akainua uso, akakaa vizuri, akasema maneno mengi kwa furaha.

"Anasema watu kama wewe ndio anaowatafuta. Hakujua kama bado mpo. Atakupa tepe tatu."

Moyo wa Abbasi ukaruka. "Za uuguzi?"

"Za unyapara. Utakuwa mkuu wa wachukuzi. Kuwaamsha, kuwatwika, kuwatembeza."

"Na kuwatua?"

Anselmi akalitafuta neno hilo kwa Kiingereza, asilipate. Akajaribu hivi na hivi, kapteni akikunja uso. Mwishowe akachukua faili, akaiweka kichwani, akaishusha kwa mikono miwili mpaka sakafuni. Kapteni akacheka, kisha akaelewa, akaacha kucheka. Jibu lake lilikuwa fupi.

"Hilo ni la afisa."

"Mwambie sitaki tepe. Aniandike mwuguzi wa chini kabisa, lakini anipe neno hilo."

Anselmi akauliza, akasikiliza, akatazama meza. "Anasema neno hilo ndilo nyota zenyewe, mzee. Hawezi kukupa."

Abbasi aliinua macho. Nyuma ya kiti cha kapteni walikuwa wamesimama wale wachukuzi wa Rufiji, masanduku ya risasi vichwani, kimya, miguu imevimba. Hawakumtazama kapteni. Walimtazama yeye. Akiondoka, kazi itafanywa na mtu asiyewahi kuwasikia. Akipokea unyapara, mikono yake ndiyo itakayowatwika.

"Uuguzi," alisema. "Bila tepe. Bila neno."

Kapteni akainua mabega, akakubali. Vita vikija, ataitwa.

Nyumbani alimkuta mkewe, Sitara, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Wamekupa neno lako?"

"Hawakunipa."

"Alhamdulillahi. Basi umekataa."

Abbasi akavua viatu polepole. Sitara akaacha kukuna.

"Baba Nunu. Umekataa?"

"Watapelekwa tu, Mama Nunu, niende nisiende. Angalau awepo wa kuwapa maji."

"Kama mara ile."

"Kama mara ile."

Tangu ndoa yao Sitara alilala upande wa ukutani, akimsikia mumewe usingizini akiwabembeleza watu wenye majina ya bara: vumilia, Kasanda, mbele kuna kijito. Hakuwahi kumwuliza ni nani. Alipangusa nazi mikononi.

"Utarudi na wengine tena," alisema. "Na sisi, Baba Nunu, tuna chumba kimoja tu."