Mtani Aliyevua Gauni la Marehemu

Msimwone Shuvai amekaa kimya msibani mkadhani ni huzuni. Binti huyo wa Gutu, huko kwa Washona, alikuwa na hasira ya miaka mitatu, na siku hiyo ndiyo aliyokuwa akiiomba.

Walipokuwa na miaka kumi na sita, yeye na Ratidzo, chanda na pete, walivuka mto Limpopo wakaenda Johannesburg, wakapata kazi ya kuosha vyombo hotelini. Polisi walipokuja kukagua vibali, Shuvai alijificha stoo, nyuma ya magunia ya unga. Ratidzo akakamatwa mlangoni, akanyoosha kidole: "Mwingine yuko mle." Wakamwachia yeye, wakamzoa Shuvai. Wiki tano mahabusu, kisha karandinga hadi mpakani. Hata salamu hakuletewa.

Sasa bibi yake Ratidzo amekufa, na mjukuu amekuja kuzika kwa gari la kukodi na miwani myeusi. Ukoo wa Shuvai ni watani wa ukoo ule tangu enzi za mababu. Kwa Washona, mtani huvaa nguo za marehemu, akamwigiza, akasema lolote mbele ya jeneza, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Baba yake Shuvai ni mgonjwa wa miguu, hivyo zamu ilimwangukia binti.

Akavaa gauni la bibi juu ya nguo zake, akashika mkongojo, akakohoa.

"Mjukuu wangu Ratidzo, sogea nikuone. Miwani hiyo ni ya jua au ya aibu?"

Watu wakacheka.

"Na yule mwenzako uliyeondoka naye yuko wapi? Au ulimchoma kwa polisi ili wewe ubaki kusugua masufuria ya watu?"

Watu wakashika mbavu. "Bibi mtupu huyu," akasema mjomba mmoja, akijifuta machozi. Na Ratidzo, mjanja yule, akacheka kuliko wote. "Mtani wewe, utaniua."

Hapo Shuvai akaliona kosa lake. Kumbe utani uliompa ruhusa ya kusema ndio huohuo uliofanya asiaminike.

Akalivua gauni, akalikunja, akaliweka juu ya jeneza. Wazee wakaguna. Mtani havui kabla ya kaburi kufukiwa, ni mwiko.

"Sasa ni mimi, Shuvai. Anayetaka kukasirika akasirike. Ratidzo, nilikuwa nyuma ya magunia. Nani aliwaonyesha?"

Hakuna aliyecheka. Ratidzo akatazama chini. "Niliogopa, dada."

"Nimekuuliza nani."

"Mimi."

Mama yake Ratidzo akajifunika uso. Ratidzo akapiga magoti mavumbini, akapiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa kama kikombe, jinsi waombavyo radhi watu wa kwao, akangoja mwenzake naye apige, iwe amesamehe.

Shuvai alimtazama, roho ikimburudika kabisa. Kisha akamgeukia mjomba.

"Haya, bebeni jeneza, jua linapanda."

Akatangulia kwenda kaburini, mikono yake ameifumbata nyuma.