Mlango wa Tatu Ukutani kwa Mukhwana

Emojong alikuwa mchoraji wa mabango hapa Malaba, na ubishi wake ulitushinda sote. Wenzake wakipewa ukuta wa hoteli walichora simba, au maghorofa ya Nairobi ambayo hawajawahi kuyaona. Yeye alibeba kigoda, akakaa kando ya barabara kutwa nzima, akachora Malaba yenyewe: mabati yenye kutu, foleni ya malori, mwamba wa Tororo ng'ambo ya mpaka, na kila mtu mlangoni pake. "Nyumba bila watu ni ghala tu," alisema.

Mwaka wa 1977 Mukhwana, tajiri wangu, alimpa ukuta wa hoteli nilimokuwa napika. Siku hizo Opolot, shemeji yake Emojong, mwalimu wa Tororo, alikuwa amevuka mpaka akiwakimbia askari wa kule. Alijificha kwa dada yake Alupo, mkewe Emojong, mlango wa tatu kutoka hotelini. Jioni moja alitoka kuosha miguu, naye Emojong akamchora ukutani, mlangoni pale pale, na kovu lake la shavuni.

Nikamwambia, "Huyo muache, boss."

Akanicheka. "Mama Nerima, hapa kuna watu arobaini. Nani atamtafuta mmoja?"

Mjinga sana yule mtu. Nasema hivyo na bado namhurumia.

Siku ya soko wanaume wawili kutoka ng'ambo walikula kuku kwangu. Mmoja alisimama na kikombe chake, akautazama ukuta mlango baada ya mlango. Akamwita mwenzake, wakahesabu kwa kidole, wakatoka. Kabla sijaosha sahani zao Opolot alishatupwa ndani ya gari, na gari limevuka. Hatukumwona tena.

Mukhwana aliingiwa na hofu, akaamuru ukuta wote upakwe chokaa. Alupo akaja, akasimama mbele ya picha ya ndugu yake. Hakuwa na picha yake nyingine, hata ya kitambulisho.

"Baba Auma, wewe ndiye uliyemtoa nje," alimwambia mumewe. "Sasa muache hapo niwe namwona."

Emojong alinitazama mimi, utadhani najua la kufanya. Kisha akachovya brashi kwenye chokaa.

Sasa ni miaka miwili. Alupo humpikia, humfulia, lakini kumsemesha, hapana. Emojong bado anachora mji, barabara na mabati, mtu hamna hata mmoja. Juzi nilimuuliza mbona kila mlango ameufunga.

"Ndani kuna watu," akasema.