Nilivyokaribia kuchomwa moto pamoja na Landrova yangu mwenyewe kwa kosa la kuiiba

Wakuu, heshima kwenu. Na nyie wadogo zangu mnaosoma mkiwa kwenye foleni ya benki, nawasalimu pia.

Wiki hii nzima humu ndani ni nyuzi za wizi wa magari kwa silaha. Nimezisoma zote. Hasira ni kubwa na ni ya haki. Mmoja anataka wezi wachomwe hadharani, mwingine anataka kila gari lifungwe kifaa cha satelaiti, mwingine anataka jeshi lilale barabarani.

Nina cha kuongeza, kwa sababu niliwahi kukaa pande zote mbili za hasira hiyo ndani ya siku moja. Asubuhi niliporwa gari. Mchana nikakamatwa kwa kuliiba.

Gari lile lile.

Atakayesema ni chai, sawa, ila nina pengo mdomoni upande wa kushoto. Aje apime.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, kule Kagera. Mimi ni mtu wa Bukiriro, wilaya ya Ngara. Watu walikuwa wamejaa kambini kuliko waliokuwa wilayani, na kila mwenye gurudumu alikuwa na kazi. Nilikuwa na Landrova ya mgongo mrefu, kijani, mlango wa dereva mwekundu kwa sababu ulitoka kwenye gari jingine. Nilibeba maharage na abiria kati ya Ngara na Biharamulo.

Walioliunda gari lile hawana kosa lolote. Waliliunda vizuri kabla sijazaliwa. Kosa ni langu, nililinunua kwa kupatana mno. Nilishusha bei mpaka muuzaji akaamua kubaki na stata nzima na kunipa ya zamani.

Kuliwasha ilikuwa ibada. Unafungua boneti, unapampu mafuta kwa mkono mara kumi na moja. Siyo kumi. Unavuta choki nusu. Unaingia chini, unaigonga stata kwa spana ya magurudumu iliyofungwa kitambaa, mara mbili, ya pili kwa huruma. Unarudi kwenye usukani, unakanyaga mafuta, unaomba. Kwa hiyo nikishawasha asubuhi sikuzima mpaka nifike.

Kumbukeni hapo.

Basi, majambazi nao walikuwa na kazi yao. Silaha zilikuwa zimezagaa. Gari linasimamishwa porini, watu wanalazwa kifudifudi, wanapigwa, gari linaondoka na kupotea. Dereva mwenzangu, Gervas, alivunjwa mkono wakati akiwa ameshatoa ufunguo. Alitoa bila kubisha na bado wakamvunja. Hilo ndilo lililotuchoma.

Pakaitishwa mkutano. Mapendekezo yalikuwa kama ya humu. Mmoja alitaka wakatwe mikono. Mwalimu mmoja mstaafu akataka magari yote ya wilaya yapakwe rangi moja ili wezi wachanganyikiwe. Katekista akaomba novena.

Mwisho tukakubaliana juu ya kitu tulichokuwa nacho tangu zamani: induru.

Kwa wasiojua, induru ni yowe la hatari. Ukilisikia unaacha ulichoshika, au unatoka nacho, unapiga yowe hilo hilo na kwenda linakotokea. Kilima kinapokea, kinapeleka kilima cha pili. Usipotoka, kesho unahojiwa ulikuwa wapi, na jibu lako liwe zuri. Tukapatana na wenzetu wa Biharamulo, ambao walikuwa na sungusungu wao: gari likiporwa, induru ipigwe, magogo yawekwe barabarani pande zote.

Hapo mimi nikasimama. Nilisema induru tupu haitoshi, lazima itaje gari. Rangi, na alama mbili zisizofanana na za gari jingine. Nilisema mara mbili ili katibu aandike.

Wakanipigia makofi. Nilikaa chini nimevimba kichwa.

Sasa siku yenyewe.

Ili kupita pori lililo kati ya Ngara na Biharamulo ilikuwa lazima mwende kwa msafara, na polisi wa eskoti mbele na nyuma. Magari yanajipanga Nyakahura asubuhi, yanasubiri, yanaondoka pamoja. Nilifika mapema, nina abiria sita na magunia kumi na nne ya maharage. Niliyahesabu. Kumi na nne. Nikarudia, kumi na nne.

Injini inanguruma, nikashuka kununua mananasi kwa mama mmoja pembeni. Anaitwa Paskazia, mtu wa Bisibo. Matano.

Tulianza kupatana. Nikasema ni madogo. Akasema nikapime tumbo langu kwanza. Nikayahesabu, nikayageuza, nikayahesabu tena, nikagundua moja limevunjika majani ya kichwani, limebaki kipara. Nikamwambia hili lihesabiwe nusu.

"Nusu!" akasema. "Baba, utakula majani?"

"Sili majani, lakini nanasi lisilo na majani halina heshima."

"Heshima unayo wewe mwenye mlango wa kuazima?"

Abiria wakaniita mara ya kwanza, nikainua mkono. Wakaniita mara ya pili. Nilikuwa karibu nashinda. Mwishowe akachoka, akanipa kwa bei yangu, akanisukumia lile kipara mwisho kama anamrushia mbwa. Nikageuka na ushindi wangu kifuani.

Msafara haupo.

Vumbi tu, kwa mbali.

Nikasema tutawawahi. Abiria wawili walisema tusubiri wa kesho. Wakuu, sikuwasikiliza. Hapo sina utani wa kuweka. Nilibeba watu sita porini bila eskoti kwa sababu ya nanasi, na mpaka leo nikikumbuka hilo huwa naacha kucheka kwa muda.

Hatukufika mbali. Kwenye kona kuna gogo, na watu wanne wenye bunduki mbili. Nikahesabu tena: watu wanne, bunduki mbili. Shukeni, laleni. Tukalala.

Kiongozi wao akaniuliza, "Gari lina ubovu gani?"

Nikamwambia, "Halina, mkubwa. Zima tu injini ipumzike kidogo, imetoka mbali."

Akanipiga kitako cha bunduki mdomoni. Sijui kama alinishtukia au alikuwa na ratiba yake tu. Wakachukua koti langu lenye leseni na kadi ya gari, wakaingia, wakaondoka.

Nikiwa chini nilihesabu meno kwa ulimi. Nikarudia. Limepungua moja.

Hakuna abiria aliyeumizwa, Mungu mkubwa. Mzee mmoja mchungaji wa ng'ombe alikuwa ameona yote kutoka kichakani. Nikamtajia gari. Akapiga induru, na wakuu, ile sauti! Nyuma ya pori ikapokelewa. Kisha mbali zaidi. Nikasikia kabisa kwa masikio yangu, ikienda kilima kwa kilima: "Landrova ya kijani! Mlango mwekundu!"

Nilitokwa machozi. Mfumo wangu unafanya kazi.

Abiria wakaanza kurudi Nyakahura kwa miguu. Mimi sikuweza. Landrova yangu ilikuwa inavuja oili, na niliijua ilivyovuja: tone moja kila hatua kumi na mbili. Nikafuata matone. Yakaacha barabara, yakaingia njia ya wapasua mbao, yakapanda kilima.

Juu pale nikaikuta, peke yake, boneti juu. Ilikuwa imewazimikia mlimani. Pampu walikuwa wameikuta, kwa sababu mikono yao ya oili ilikuwa imejipiga chapa kila mahali, lakini nani angejua ni mara kumi na moja? Stata hawakuigusa. Induru ilipowakaribia wakakimbia kwa miguu.

Nikahesabu magunia. Kumi na nne. Nikarudia. Kumi na nne! Wamechukua redio na mananasi manne.

Nikafanya ibada yangu. Ikawaka. Nikaimba. Nikageuza kurudi Nyakahura kwa njia ya mkato ya wapasua mbao, niwatangulie abiria wangu, damu kidevuni, bila koti, bila leseni, nikiwa peke yangu ndani ya Landrova ya kijani yenye mlango mwekundu.

Mmeshaona.

Mimi sikuona, wakuu. Nilipotoka kwenye kona na kukuta magogo matatu na watu wamefunga barabara, nilipunga mkono. Nilidhani wamekuja kunipongeza.

"Ndiyo hiyo! Mlango mwekundu!"

Nilishushwa kupitia dirishani. Niliwahesabu nikiwa chini: kama arobaini. Nikarudia, kama hamsini. Walikuwa wanaongezeka. Mapanga, majembe, pinde, na mwanamke mmoja na mwiko wa ugali bado una ugali.

Kamanda wa sungusungu alikuwa mzee mrefu wa Kisukuma, anaitwa Sospeter. Akanyamazisha watu.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Wenzako wako wapi?"

"Sina wenzangu. Gari ni langu, mimi ndiye niliyeporwa."

Watu wakacheka, kicheko kibaya.

"Ng'wanawane, mwanangu, kila mwizi tunayemkamata gari ni lake. Kadi iko wapi?"

"Kwenye koti."

"Koti liko wapi?"

"Wamechukua wezi."

Mmoja akasema lafudhi yangu ni ya ng'ambo ya mpaka. Nikamwambia ni ya Bukiriro, Kihangaza chetu na Kirundi ni ndugu. Akasema ndicho hicho anachosema. Mwingine alikuwa ameshaleta nyasi kavu. Walitaka kunichoma, na gari pia, ili liwe fundisho kwa magari mengine, sijui.

Nikafanya kitu pekee ninachokijua.

"Wazee," nikasema, "gari msichome. Lina maharage ya watu, magunia kumi na nne. Hesabuni."

Wakahesabu. Kumi na nne. Gari likasogezwa mbali na nyasi.

"Na mimi nifungeni kamba, mnipeleke polisi."

"Polisi ni mbali!"

"Basi nifungeni hapa mpaka abiria wangu wafike. Mikono tu, miguu muache."

"Na miguu!" mmoja akasema.

"Mguu mmoja."

"Yote miwili!"

"Sawa, yote miwili, lakini kivulini."

Kamanda akasema, "Kama ni lako, liwashe." Lilikuwa limezimika waliponishusha. Moyo ukarudi mahali pake. Nikafanya ibada yote mbele yao: pampu kumi na moja, choki nusu, spana mara mbili. Likawaka. Nikasimama kama padri aliyemaliza misa.

Kijana mmoja akasema, "Mnaona? Mwizi mzoefu. Gari bovu hivi na analijua lote."

Nikafungwa kamba, nyasi zikasogezwa tena.

Wakuu, pale niliogopa kweli. Niliona watoto wangu. Lakini mdomo uliendelea wenyewe: saa moja tu, nusu saa, robo saa, mzee, dakika kumi na ninaongeza magunia mawili...

Nyuma ya watu ikasikika sauti ya mwanamke anayehema.

"Ngojeni. Huyo anayepunguza hivyo namjua."

Paskazia. Induru ilimkuta kwenye mananasi yake, akaja na jembe la jirani. Alikuwa hajaniona bado. Alinitambua kwa kupatana tu.

Akapenya mpaka mbele, akanitazama.

"Ni yeye. Huyu alinisimamisha asubuhi mpaka msafara ukamwacha, kwa mananasi matano. Ameyahesabu mara mbili kama mimi mchawi. Moja halina majani, akataka liwe nusu. Kamanda, jambazi anapora. Huyu hajui hata kupora, angeanza kupatana na mwenye mali."

"Una uhakika, mama?"

"Angalieni garini. Kama lile kipara limo, ni yeye."

Kijana akaingia. Akatoka ameliinua juu: nanasi moja, kipara.

"Na mengine?" kamanda akauliza.

"Wamechukua wezi," nikasema.

Paskazia akalitazama nanasi, akanitazama mimi. "Hata majambazi wamelikataa. Wewe ulilichukua."

Hapo watu hamsini walicheka mpaka mmoja akakalia zile nyasi. Kamba ikafunguliwa. Abiria wangu walipotokea wakasimulia yote, mzee Sospeter akanipa maji ya kunawa damu na kuniomba radhi. Nilimwambia hana kosa, alifuata maelezo, na maelezo nilitunga mimi.

Kisha akaniambia, "Sasa mlipe mama mananasi yake kwa bei aliyoitaja yeye."

Nilifungua mdomo.

Nikatazama mapanga. Nikayahesabu. Nikayahesabu tena.

Nikalipa.

Majambazi wawili walikamatwa baadaye na polisi. Mmoja wala hakutoka ng'ambo. Alikuwa wa kata yangu, tunasali kanisa moja.

Kwa hiyo mnaotaka dawa ya wizi wa magari, nasema hivi. Induru ilirudisha gari langu, hilo sikatai, hakuna kifaa cha satelaiti kingekuja na majembe. Lakini hasira ile ile iliyonirudishia gari ilikuwa tayari na nyasi. Mkutano uliofuata niliomba kanuni mbili ziongezwe: anayekutwa na gari afungwe na asubiriwe, asiguswe mpaka mtu wa kumtambua apatikane, na anayelipata gari lake alisukume mpaka kijijini, asiendeshe. Zikapita zote.

Na msafara ukiondoka, ondoka nao. Mananasi yapo hata mbele.

Paskazia nilinunua kwake miaka mingi baadaye. Sikupatana tena. Nilihesabu tu, naye akaniacha nihesabu.

Kwenu huko mlizuiaje? Na kuna mwingine aliyewahi kushukiwa kuiba cha kwake? Semeni, nipo nasoma. Kila jibu nitalisoma mara mbili.