Siku Niliyoipa Kompyuta Mbio

Ndugu zangu, asubuhi ile nilijiona fundi wa Garissa nzima. Kompyuta ya ofisi ilikuwa ikijikokota, basi nikaingia kwenye mipangilio iliyofichwa na kuzima kila programu iliyokuwa ikijiwasha yenyewe bila ruhusa yangu. Wallahi, ikapaa! Wenzangu wakanipigia makofi, Habiba akaniletea chai ya maziwa ya ngamia, nami, kifua mbele, nikawahutubia kuhusu kubeba mizigo isiyo na faida. Jenereta ya jirani ikinguruma dirishani na kumeza kila sauti ya nje, tulichapa kazi bila hata mmoja kuinuka. Kisha bosi wetu, Mzee Adan, akachungulia nje, akaona vivuli vimerefuka. Akanigeukia polepole.

“Hassan, mbona adhuhuri kompyuta haikuadhini?”