Ndama Mwekundu wa Ng'ombe Weusi

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa mweupe, nywele rangi ya majani makavu, ingawa mimi na mke wangu sote ni weusi. Kifaransa humwita mtoto wa namna hiyo albinos. Mtaani kwetu Goma walimwita mtoto wa mzungu. Mke wangu aliwahi kushona nguo nyumbani kwa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa, njia ya Sake, kabla Serikali haijachukua mashamba ya wageni. Hilo likawatosha.

Mtoto alipofika mwaka mmoja na nusu, na mke wangu ana mimba nyingine, baba alishuka kutoka Masisi kwa lori la viazi. Ukoo ulikuwa umeamua: mke wangu arudishwe kwao.

Nilikuwa nimejitayarisha. Niliishia darasa la sita, lakini nilikuwa na kitabu cha biolojia kisicho na jalada, nikikisoma na kamusi pembeni, ukurasa mmoja kila jioni. Sura ya urithi niliisoma mara tano. Kisha nikatafuta namna ya kuieleza kwa mfugaji kama baba.

"Papa, fahali mweusi akipanda ng'ombe mweusi, ndama mwekundu anaweza kuzaliwa?"

"Anazaliwa. Nimeona mara mingi."

"Unafanya nini?"

"Ninauzisha mama yake."

"Na fahali?"

"Anabakia. Fahali iko na kosa gani?"

"Na mwaka unaofuata?"

Alikuna kidevu. "Ng'ombe mwingine anazaa mwekundu."

Nikamweleza. Ndama hupokea sehemu moja kwa baba na moja kwa mama. Weusi ukitoka hata upande mmoja, hutawala, na wekundu hukaa umefichwa chini yake. Hauonekani mpaka utoke pande zote mbili. Ng'ombe aliyeuzwa aliubeba. Fahali naye aliubeba. Vivyo hivyo weupe wa mtoto wetu: nusu ilitoka kwa mke wangu, nusu kwangu, nami niliipokea kwa baba mwenyewe au kwa mama.

Baba alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe miaka yote nafukuza bibi za fahali, mwizi mwenyewe ninamulisha majani!"

Nilidhani nimeshinda. Kisha akaacha kucheka.

"Dada zako watatu nao wanabeba?"

"Siwezi kujua. Labda wote, labda hakuna hata mmoja."

"Mutoto wangu, ukisema hii maneno kwa watu, nani atawaoa?"

Nikammiminia chai.

Baba alikata shauri kabla chai haijapoa. Mke wangu angebaki. Yeye mwenyewe angeuambia ukoo kwamba amemsamehe. Mimi nisiseme neno juu ya fahali mpaka dada yangu wa mwisho aolewe. Dada huyo alikuwa na miaka saba. Nilikubali.

Jioni nilimweleza mke wangu yote, kwa utaratibu, bila kuacha kitu. Alinisikiliza huku akimpaka mtoto mafuta mabegani, pale jua lilipomchoma.

"Basi nimesamehewa," alisema.

"Ndiyo."

"Na huyu wa tumboni?"

"Nafasi moja kati ya nne. Kila mimba ni hivyo hivyo."

"Akitoka mweupe, papa yako atanisamehe mara ya pili? Na weye utanyamaza tena?"

Nilitazama kitabu mezani. Mke wangu alifuta mikono, akamfunga mtoto mgongoni, akatoka kuanua nguo.